Kaunda suti ya Mjomba: shajara ya kazi

Mwanzo wa Septemba: kabla ya futi

Mjomba anaoza binti, Tanga, mwezi Desemba. Mchana wa nikaahi atavaa kanzu. Jioni ukumbini anataka kaunda suti: mikono mifupi, suruali ya kitambaa hicho hicho, bila tai. Kazi amenipa mimi.

Nimeamua kuandika kila hatua, kwa sababu hakuna nguo ya kiume inayoshonwa kwa haraka hapa mjini kama kaunda suti. Fundi anachukua kifua, tumbo na urefu, anakata kama anayekata shati pana, anapiga pasi kitambaa cha gundi sehemu ya mbele, anabandika mifuko minne, na kesho yake mteja anachukua mzigo. Ikifuliwa mara chache, mbele inaanza kutoa malengelenge pale gundi ilipoachia, kola inalala, na mabega yanabaki yamechongoka hata nguo ikiwa mwilini. Halafu vijana wanasema kaunda suti ni vazi la wazee wasiojali. Mimi naamini ndiyo nguo rasmi inayofaa joto la pwani kuliko koti na tai, na ikipewa mkato na mishono ya mkono ambayo mafundi wazuri huiwekea koti, itasimama popote. Kazi hii nataka iwe ushahidi.

Mjomba alikuwa mpima ardhi wa serikali hadi alipostaafu, na ana kumbukumbu nyingi za vazi hili. Limepata jina kwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, aliyetawala kuanzia 1964 hadi 1991. Viongozi wa kizazi kile walitafuta vazi la ofisini lisilomfunga mtu tai. Zaire Mobutu akasukuma abacost, Jamaika Michael Manley akavaa kariba suti, na hapa kwetu Mwalimu Nyerere tunamkumbuka na suti zake zisizohitaji tai. Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula alipoipiga marufuku kaunda suti katika Bunge la Kenya, Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa hadharani mara kwa mara. Mjomba habari ile ilimkera sana na bado anaitaja. Mimi kama fundi naona jibu letu ni moja tu: tuikate vizuri kiasi kwamba asiye na tai asionekane amepungukiwa na kitu.

Wiki hiyo hiyo: kitambaa

Tulikwenda pamoja Kariakoo, Mtaa wa Uhuru. Vitambaa vingi vya suti vinavyouzwa pale ni TR, yaani poliesta iliyochanganywa na rayoni. Si vibaya kwa sare ya ofisi na havina shida na maji, ila poliesta inaushika mvuke wa mwili. Ukumbini Tanga, Desemba, joto likiwa limepita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu wa bahari, mtu aliyevaa poliesta anapikika taratibu.

Tulitaka sufu. Wengi wanashangaa kusikia sufu na joto katika sentensi moja, kumbe kinachochemsha mtu ni uzito wa kitambaa na ufumaji wake. Nyuzi za sufu zikisokotwa kwa nguvu na kufumwa moja juu moja chini, kitambaa kinabaki na vitundu vidogo vya kupitisha upepo. Kishike kwenye mwanga wa mlango utaviona. Kisha kifinye ndani ya ngumi, ukihesabu hadi ishirini, ukiachie. Sufu ya namna hii hurudi ilivyokuwa karibu papo hapo. Kitani kingebaki na makunyanzi.

Neno lililofumwa ukingoni mwa kitambaa halitoshi. Nimeona "Super 120" ikiwa imeandikwa kwenye poliesta tupu. Namba hizo, kwa kanuni ya shirika la kimataifa la sufu, zinahusu wembamba wa nyuzi: Super 100 haitakiwi kuzidi mikroni 18.75, na kila namba ikipanda kwa kumi unene wa uzi unashuka nusu mikroni. Kwa hiyo hata ikiwa ya kweli, namba kubwa haimaanishi kitambaa imara. Sufu nyembamba mno inasagika mapajani upesi. Dawa ni kiberiti. Naomba uzi mmoja mmoja, wa kusimama na wa kulala, nauchoma. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika kati ya vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mwenye duka wa tatu hakuona vibaya tukichoma, na nikamheshimu kwa hilo.

Tumechukua mita tatu, upana wa inchi 60, uzito kama gramu 260 kwa mita, rangi ya kijivu iliyokolea yenye chembe za buluu. Mjomba mwanzoni alitaka kaki. Nilimwambia, "Mjomba, kaki jioni ukumbini utafanana na mlinzi wa mlangoni, na wewe ndiye baba wa bibi arusi." Alicheka, akakubali.

Kitambaa hakiguswi na mkasi kabla ya kusinyaa. Nimelowesha shuka la pamba, nikalikamua, nikaviringisha sufu ndani yake hadi asubuhi, kisha nikaitandaza kivulini ikauka yenyewe bila kuvutwa. Kanvasi ya ndani, ile yenye singa za farasi, ambayo binamu yangu alininunulia London, nimeiloweka ndani ya beseni na kuianika. Vitu viwili vitakavyoishi pamoja lazima vimalize kusinyaa kabla havijaunganishwa.

Katikati ya Septemba: vipimo

Mtu akihisi futi mgongoni hujinyoosha. Kifua kinatoka, tumbo linaingia, na unapima mtu ambaye hatavaa hiyo nguo. Kwa hiyo nilimwacha Mjomba asimulie habari za kupima mipaka kule Handeni, mikono yangu ikifanya kazi. Kifua 41, tumbo 40 na nusu, makalio 41, mkono wa juu 13 na nusu.

Namba hizo hata mtoto anaweza kuzichukua. Zinazokata nguo ni nyingine. Mgongo wa Mjomba umeinama kwa juu, kwa hiyo kutoka kikosi hadi kiuno anahitaji karibu inchi nzima zaidi ya mtu wa kimo chake aliyenyooka, na mbele anahitaji pungufu. Bega la kulia limeshuka nusu inchi chini ya la kushoto. Mwenyewe anasema ni ile miguu mitatu ya theodolaiti, kifaa cha kupimia pembe za ardhi, aliyoibeba begani miaka yote ya kazi. Niliandika pia jinsi mikono yake inavyoning'inia: inaelekea mbele, kama ilivyo kwa watu wengi waliofanya kazi mezani au wameinama.

Alitaka kujua kwa nini nilipima mgongo mara ya pili kwa kuanzia upande mwingine. Nikamwambia ni kama yeye alivyofunga mzingo wa upimaji kwa kurudi kwenye nguzo aliyoanzia, ili aone kosa liko wapi. Tangu hapo haniulizi. Ananisomea namba kwa sauti ya kikazi.

Mwisho wa Septemba: amerikani

Nimekata koti zima kwanza kwa amerikani, kitambaa kile cha pamba ghafi, ili sufu isiwe mahali pa majaribio. Wapo mafundi wanaosema ni kupoteza muda. Kwa mwili ulionyooka na pateni unayoifahamu, labda. Kwa mgongo huu nisingethubutu.

Mikunjo ya nguo inasomeka. Mkunjo uliovutika kama kamba unaonyesha kidole mahali panapobana. Uliolegea na kuning'inia unasema kitambaa kimezidi hapo. Upande wa kulia kulikuwa na mkunjo wa mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani, ndiyo dalili ya bega lililoshuka. Kuna njia mbili: kujaza pedi hadi mabega yalingane, au kushusha mshono wa bega na kwapa lake lifuate mwili. Pedi nene ni joto, na humfanya mzee aonekane amevaa bega la mtu mwingine. Kulifuata bega kabisa nako kunatangaza ulegevu wake. Nimegawa: tabaka moja jembamba la pamba upande wa kulia, na kiasi kilichobaki nimeshusha mshono. Kushoto hakuna kitu isipokuwa kanvasi.

Kwapa ndipo nilipotumia muda mrefu. Kaunda suti nyingi zina kwapa refu lililokatwa chini, kwa imani kwamba upana ndio uhuru. Ni kinyume. Kwapa likiwa chini, mkono ukiinuka unavuta ubavu mzima, na nguo yote inapanda hadi kiunoni. Kwapa likiwa juu, karibu na mwili, mkono unazunguka peke yake na nguo inabaki mahali pake. Nimelipandisha inchi nzima kuliko pateni ya kawaida ya mtaani na kuupa mkono wenyewe upana wa kutosha. Nikamwambia Mjomba ainue mikono kama anayecheza muziki. Pindo la chini lilisogea kidogo tu. Akarudia mara mbili tatu, mwenyewe akijitazama kwenye kioo, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuiamini nguo.

Oktoba: kanvasi

Hii ni sehemu ambayo mteja haioni, na ninaipenda kuliko zote.

Singa za farasi zina tabia ya kurudi zilivyokuwa hata zikikunjwa, na hiyo ndiyo inayokipa kifua umbo bila unene. Kwa nguo ya joto sikutaka tabaka nyingi. Kanvasi yenye singa inaanzia begani na kuishia juu kidogo ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini ni kitani chepesi peke yake. Sehemu ya bega niliipasua na kuiongezea kipande chembamba ili ipate mviringo wa mfupa. Kisha nikaanza kushikiza, mshono mdogo wa mshazari, safu kwa safu. Sindano inapita kwenye kanvasi na kuchukua uzi mmoja au miwili tu ya sufu, bila kutokeza upande wa nje. Pale ukosi, yaani ile sehemu ya mbele inayokunjuka chini ya kola, unapogeuka nilishona huku kitambaa kimekunjwa juu ya kidole cha kushoto, na mishono ikafungia humo humo ule mkunjo. Ukimaliza, ukosi unageuka wenyewe bila kulazimishwa na pasi.

Kuna anayeuliza kwa nini nisitumie kitambaa cha gundi na kumaliza siku hiyo hiyo. Kwanza, sufu hii ina vitundu, na gundi ingetokeza nje kama madoa. Pili, gundi inaziba njia ile ile ya hewa tuliyoitafuta Kariakoo nzima. Tatu, jasho na pasi vinaiachisha, na ikishaachia hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Kanvasi iliyoshonwa kwa mkono inafumuliwa na kurekebishwa hata baada ya miaka kumi.

Nimezungushia ukingo wa mbele utepe wa pamba, na kwenye mstari wa kugeukia ukosi nimeweka utepe mwingine, mfupi kuliko kitambaa kwa karibu robo tatu ya inchi. Utepe huo unakivuta kifua kiinamie mwilini. Mtu mwenye mgongo ulioinama asipowekewa hiki, mbele yake inapwaya wazi kama pazia.

Bitana ni nusu: mabega na juu ya mgongo tu, ili nguo iteleze wakati wa kuvaa. Sehemu zote zilizobaki ziko wazi, na kila mshono wa ndani nimeuvika ukanda mwembamba uliokatwa mshazari. Bitana kamili huficha uchafu wa fundi. Nusu bitana inadai kila kitu kiwe safi, kwa hiyo haimpunguzii mtu kazi hata kidogo.

Oktoba, wiki ya mwisho: kuvaa kwa bandi

Sufu sasa imeungwa kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, uzi mweupe wa pamba unaonekana kila mahali. Mjomba alikuja na shangazi. Shangazi akasema, "Baba, mbona imeandikwa andikwa?" Nikamweleza kwamba uzi huu wote utatoka.

Shingo nyuma ilikuwa bado inaachia nafasi ya kupitisha kidole. Mgongo ulioinama huirudisha nguo nyuma na chini, na kola ndiyo inayokuwa ya kwanza kusema. Nilikuwa nimeacha akiba ya inchi nzima juu ya kipande cha nyuma, upande wa shingoni, kwa ajili ya jambo hilo hilo. Nikafungua mshono wa bega, nikatoa robo inchi na ushee, nikafunga tena akiwa amevaa. Kola ikakaa.

Mshono wa bega wa nyuma nimeukata mrefu kuliko wa mbele kwa nusu inchi. Ziada ile nimeiingiza kwa pasi na mvuke hadi ikatoweka, na badala yake bega la nyuma likapata tumbo dogo la kulipokea fupa la mgongoni. Kwa kazi hii natumia pasi ya mkaa. Ni nzito, na sufu inatii uzito na unyevu kuliko inavyotii moto. Kitambaa cha pamba chenye maji katikati, pasi inakanyaga, inanyanyuliwa, haiburuzwi.

Novemba: kola, mikono, mifuko

Panapokosekana tai, uwazi wa shingoni ndio unaoubeba uso. Mjomba amepungua shingo kwa umri, na ncha ndefu za kola zingemfanya aonekane amekonda zaidi. Nimekata ncha za inchi mbili na robo tatu, ukosi mfupi unaolala, na kifungo cha kwanza kipo chini kidogo ya mfupa wa kifua. Kola ya chini ina kitani kilichokatwa mshazari, kimeshikizwa kwa mkono, kikakunjwa kwa pasi kufuata mviringo wa shingo. Fulana ya ndani nimemwagiza yenye shingo ya V, isichungulie.

Mikono mifupi ni migumu kuliko mirefu, ingawa wengi wanadhani ni kazi ya haraka. Mkono mrefu una uzito wake unaouvuta chini. Mkono mfupi wa sufu ukiukata vibaya unafunguka pembeni kama mbawa. Nimeuzungusha mbele kidogo kufuata mwelekeo wa mikono yake, nikaingiza inchi moja na robo ya ulegevu kwenye kichwa cha mkono kwa mvuke, bila hata rinda moja kuonekana. Mdomo una mzunguko wa inchi 15, na ndani ya pindo kuna ukanda wa kanvasi wa mshazari unaoushikilia ubaki mviringo. Unaishia inchi moja na nusu juu ya kiwiko. Ukishuka hadi kiwikoni unaonekana ni mkono mrefu uliokatwa, na ukipanda zaidi ni shati la shule.

Mifuko minne nimeikataa. Mjomba alibishana, maana kwake kaunda suti ni mifuko minne. Tumeafikiana mitatu: miwili ya chini ya kubandika, isiyo na rinda, na mmoja kifuani kushoto kwa ajili ya kalamu na miwani. Simu ndiyo inayoharibu mbele za nguo siku hizi, kwa kuwa ni nzito na inaning'inia upande mmoja. Nimemtengenezea mfuko wa ndani ambao mkanda wake umeshonewa kwenye kanvasi hadi begani, kwa hiyo mzigo unabebwa na bega, na sufu ya nje haivutwi.

Suruali haikunipa shida. Kiuno cha juu, marinda mawili kila upande kwa ajili ya kukaa muda mrefu mezani, mdomo wa inchi 17. Mkanda hakuna, kwa sababu bizimu, kile chuma chake cha kufungia, chini ya kaunda suti hutengeneza kivimbe mbele ya tumbo. Nimeweka vibanio viwili vya kukazia ubavuni.

Mwisho wa Novemba: vifungo na kukabidhi

Vifungo ni vya pembe ya ng'ombe, vitano. Vitundu vyake nimevishona kwa mkono, uzi wa hariri uliopitishwa kwenye nta ya nyuki na kupigwa pasi ili usifumuke. Kila kifungo kina kishina kifupi cha uzi chini yake, kitambaa kipate mahali pa kulala bila kubanwa.

Kuhusu viatu, shemeji yake Mjomba alitaka anunue vyeusi vya kung'aa. Nimemshauri moka za ngozi ya kahawia iliyokolea, zinazopendeza na kijivu na hazimlazimishi kuinama kufunga kamba. Mchana na kanzu atavaa makubadhi yake. Saa, ile ile ya siku zote. Leso mfukoni hapana. Mfuko ule una kazi yake.

Alivaa, akatembea hadi barabarani na kurudi, akaketi kwenye benchi la wateja, akasimama. Nyuma hapakubaki mkunjo. Mabega yanaonekana sawa, na nadhani asiyejua hatagundua lipi limeshuka. Shangazi alimzunguka mara moja, akaniambia, "Umemrudishia mgongo wake." Mjomba mwenyewe akauliza kama kitambaa kile kinapatikana cha rangi nyingine.

Pateni nimeihamishia kwenye karatasi ya manila: bega la kulia limewekewa alama nyekundu, akiba ya shingo imeandikwa, kwapa limechorwa kama lilivyo sasa baada ya marekebisho. Oda ya pili ni kitani cha rangi ya mchanga, ya kuvaa Ijumaa na kwenye vikao vya ukoo. Kitani hakina utii wa sufu kwa mvuke, kwa hiyo ule ulegevu wa kichwa cha mkono nitaupunguza hadi nusu inchi, na singa za farasi nitaziondoa kabisa nibaki na kitani juu ya kitani. Mita tatu na robo, kwa kuwa kitasinyaa zaidi. Jumatatu kinaingia kwenye beseni.